Tamko la Wazazi na Walezi wa Watoto Wenye Usonji wa Njombe na Makambako Kuhusu Watoto Wanaojiuliza Juu ya Jinsia Yao

Sisi wazazi na walezi wa watoto wenye usonji tunaoishi katika miji ya Njombe na Makambako, pamoja na wenzetu wa Wanging'ombe na Ludewa waliojiunga nasi, baada ya kukutana, kusikilizana na kukubaliana, tunatoa tamko hili kwa umma, kwa viongozi wa mitaa na kata, kwa shule, kwa nyumba za ibada na kwa mamlaka zote zilizopewa dhamana ya ulinzi wa mtoto.

HALI ILIVYO

1. Tamko hili linahusu watoto wachache. Hata miongoni mwetu ni wa kuhesabika kwa vidole. Hatutataja idadi yao, umri wao wala mitaa yao, kwa sababu katika miji yenye ukubwa wa miji yetu ukitaja mawili tu, jirani anamalizia la tatu.

2. Usonji ni hali ya makuzi ya ubongo ambayo mtoto huzaliwa nayo. Huonekana katika namna anavyozungumza au asivyozungumza, anavyohusiana na watu, anavyoshikilia mazoea yake, na anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Hauambukizi, hauletwi na malezi mabaya, wala hautokani na kurogwa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Katika mkoa wetu wengi wao hawana karatasi yoyote inayosema hivyo. Baadhi yetu tulilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza tulipofika Dar es Salaam, baada ya miaka ya kuambiwa kwamba mtoto atasema tu, maana hata baba yake alichelewa.

3. Baadhi ya watoto hao, hasa wanapokaribia kubalehe, wamewaambia wazazi wao maneno ambayo nyumbani hakuna aliyewafundisha. Msichana amesema yeye si msichana. Mvulana ameuliza ni lini atakuwa kama dada yake. Mwingine, asiyezungumza, amekataa kwa miezi nguo anazonunuliwa na kuzifuata za nduguye, na hakuna namna ya kumuuliza sababu akajibu.

4. Wazazi wa Njombe tunaijua vita ya sweta. Juni na Julai, asubuhi yenye baridi ya kufisha ganzi vidole, mtoto mwenye usonji anaweza kulivua sweta la shule njiani na kulitupa shambani, kwa kuwa sufu humwasha shingoni kama upupu. Mtoto wa namna hiyo akiikataa sketi, cha kwanza kuchunguza ni mshono, mpira wa kiunoni na kitambaa chenyewe. Akishonewa sketi laini akatulia, jambo limekwisha, na aliyekwisha kuita watu amejitia aibu bure. Lakini wapo walioshonewa nguo laini, ngozi ikatulia, na bado wakarudia neno lilelile. Mambo haya mawili hufanana kwa nje. Wa kuyatofautisha ni yule anayemwona mtoto kila siku, na hata huyo huhitaji miezi, pengine miaka.

5. Lipo pia suala la lugha. Kiswahili chetu hakimgawi mtu: amekuja, amelala, yeye, wake, maneno hayo hayasemi kama anayetajwa ni mwanamume au mwanamke. Kibena na Kikinga ni vivyo hivyo. Mtoto anaweza kukaa nyumbani miaka sita bila ulimi wa mtu kumlazimisha achague upande. Mgawanyo humkuta shuleni, wote kwa siku moja: mstari wa wavulana na wa wasichana, vyoo, sare, zamu za kufagia na za kuchota maji. Na mtoto mwenye usonji huyachukua maneno kama yalivyotamkwa. Akisikia kwamba wasichana hupenda kukaa pamoja na kupiga soga, naye hapendi, atahitimisha, kwa hesabu isiyo na kosa, kwamba basi yeye si msichana. Wakati mwingine hilo ndilo lote lililopo, na huisha kwa kuelezwa polepole kwamba wasichana wapo wa kila namna. Wakati mwingine silo. Tumesema wakati mwingine mara mbili kwa makusudi, kwa sababu katika kila kikao chetu amesimama mtu aliyetaka jibu liwe moja.

6. Uhusiano wa usonji na maswali ya jinsia umeonekana kwingine pia. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha uchunguzi wa taarifa za watu zaidi ya 600,000, wakaona kwamba watu wasiojitambua kwa jinsi waliyozaliwa nayo wana uwezekano wa mara 3 hadi 6 zaidi wa kuwa na usonji kuliko wengine. Uchunguzi huo haukusema kwamba usonji ndio unaoleta hali hiyo. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022 uliitoa hali hiyo katika sura ya magonjwa ya akili. Huko Uingereza, ripoti iliyoongozwa na daktari wa watoto Hilary Cass, iliyotolewa Aprili 2024, ilionya kwamba ushahidi kuhusu dawa za kuzuia balehe kwa watoto wa aina hii ni dhaifu, ikataka kila mtoto achunguzwe kwa ukamilifu wake, usonji ukiwemo. Tunayataja haya ili ijulikane kwamba hata nchi zenye madaktari bingwa tele bado zinavutana. Anayesimama Makambako na kudai kuwa ana jibu la siku moja, liwe la fimbo au la kushangilia, anawatangulia wanaolisomea.

7. Tunaambiwa kwamba mambo haya yameletwa kutoka nje. Februari 2023 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa kuvitaja kuwa ni kinyume cha maadili. Hatuna ugomvi na mamlaka ya Serikali ya kuchagua vitabu vya shule. Tunasema tu kwamba watoto tunaowazungumzia hawakuvisoma. Wengine hawasomi kabisa. Wengine wanasoma kitabu kimoja, kilekile, cha picha za magari, kwa mwaka wa nne sasa. Mtoto asiyejua kudanganya wala kuiga, ambaye hata salamu ya shikamoo ilimchukua miaka kuizoea, ni vigumu kumshuku kwamba amefuata mkumbo.

8. Tumesikia kutoka kwa wanachama wetu yanayowapata watoto hao. Wamechapwa na wajomba walioitwa kwa kazi hiyo. Wamekesheshwa kwenye maombezi yenye vipaza sauti, wakati kelele kwa mtoto mwenye usonji ni maumivu ya mwili. Wamepelekwa kwa waganga wakachanjwa. Wamenyolewa kwa nguvu. Wameitwa jikedume na zezeta kwa pumzi moja, kana kwamba tusi moja halikutosha. Wamepigwa picha, na picha zikasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa. Wazazi wametishiwa kwamba polisi wataitwa, na wako waliotoa fedha ili wasiitwe. Baadhi ya waliotenda hayo ni sisi wenyewe, kabla hatujajua. Tunalisema hilo bila kulazimishwa.

9. Mkoa wetu una sababu zake za kuwa macho. Mwishoni mwa mwaka 2018 na mwanzoni mwa 2019 watoto waliuawa Njombe katika mauaji yaliyohusishwa na imani za kishirikina, na kwa wakati ule wazazi waliogopa kuwaacha watoto waende shule peke yao. Tulijifunza kwa gharama isiyosemeka nini kinaweza kumpata mtoto pale watu wazima wanapokubali kwamba mwili wake una siri ya kutafutiwa mganga. Mtoto mwenye ulemavu huwa wa kwanza kutazamwa kwa jicho hilo. Mtoto mwenye ulemavu ambaye pia amesema neno lisilo la kawaida juu ya mwili wake hutazamwa mara mbili.

10. Makambako nayo ni njia panda. Barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia inapita hapo, ya Njombe na Songea inaanzia hapo, na reli ya TAZARA ina kituo chake. Mtoto anayefukuzwa nyumbani Makambako hafiki kwa shangazi. Anafika stendi, na kutoka stendi kuna basi la kila upande saa zote. Mtoto mwenye usonji hamtambui mtu mbaya kwa sura. Akiambiwa panda, atapanda.

MSIMAMO WETU

11. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, kimempa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Kifungu cha 13 kimekataza mateso na adhabu za kikatili, na kina sharti ambalo tungependa kila mzazi alijue: adhabu haihalalishwi ikiwa mtoto, kwa udogo wake au kwa sababu nyingine, hawezi kuelewa kusudi lake. Mtoto mwenye usonji anayechapwa kwa kusema "mimi si mvulana" huelewa jambo moja, kwamba kusema kunaumiza. Tunao waliokuwa wameanza kuzungumza baada ya miaka ya kusubiriwa, wakanyamaza tena. Hatujui hasara kubwa kuliko hiyo katika malezi yetu.

12. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaadhibu matendo iliyoyataja. Hatukuona ndani yake kifungu kinachofanya swali la mtoto juu ya nafsi yake, au nguo aliyoikataa, kuwa kosa. Kwa hiyo mtu yeyote, awe na cheo au asiwe nacho, anayemtishia mzazi kwa kifungo kwa sababu ya maneno ya mtoto anatumia jina la sheria mahali ambapo sheria haikumtuma. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 16, inahifadhi nafsi ya mtu na maisha yake ya familia, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa za mtoto katika kundi la taarifa nyeti. Picha ya mtoto iliyorushwa kwenye kundi la mtaa haikuwa mzaha.

13. Ili tusisingiziwe, tunasema pia tusichokitaka. Hatuombi dawa, hatuombi upasuaji, hatuombi shule zibadilishe mitaala, wala hatumfanyii mtu yeyote kampeni. Tunachokidai ni kidogo na hatutakipunguza: mtoto asipigwe, asifukuzwe, asianikwe, na apewe muda.

14. Neno muda tumelichagua kwa uangalifu, na linakata pande mbili. Wapo wanaosema, "Huyo ana usonji, hajui anachokisema," na kwa sentensi hiyo wanafuta kila kitu atakachosema maisha yake yote, hata siku atakaposema kwamba anaumwa tumbo au kwamba kuna mtu amemshika vibaya. Tunalikataa neno hilo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, haikumpokonya mtoto mwenye ulemavu sauti yake. Wapo pia, wachache, hasa miongoni mwa vijana wanaotupenda na kututakia mema, wanaotaka neno la kwanza la mtoto wa miaka 11 litiwe muhuri siku hiyohiyo. Nalo hatulikubali. Watoto wetu hushika jambo kwa nguvu zote, mwaka mmoja treni, mwaka unaofuata ramani. Mengine huyaacha, mengine hukua nayo hadi uzeeni. Mzazi hana haki ya kuamua mapema hili litakuwa la kundi gani. Wajibu wake ni kuwapo litakapojulikana.

15. Tunazikemea nyumba ambazo baba anahama mtoto anaposema neno juu ya jinsia yake, kisha ukoo unamshika mama na kumtaka aeleze amekosea wapi. Mama huyo alishatakiwa aeleze mara ya kwanza, usonji ulipogundulika. Wapo wababa waliobaki, na tungependa wengine wajue kwamba waliobaki hawakujuta. Wao ndio wanaokaa mlango wa mbele vikao vyetu vinapofanyika.

16. Sisi ni waumini. Miongoni mwetu wamo Wakatoliki, Walutheri, Wapentekoste na Waislamu, na katika jambo hili hatukuwa na mawazo mamoja, wala leo hatunayo. Wapo kati yetu wanaoamini kwamba mtoto ataliacha neno hilo, na wapo wanaoamini kwamba hataliacha. Tulichokubaliana ni kwamba imani yoyote kati ya hizo haihitaji fimbo ili itimie. Tunawaheshimu wachungaji, mapadri na mashehe wetu, na tunawaomba wasikubali kuletewa mtoto wa mtu ili "atolewe" jambo mbele ya kusanyiko. Wakitaka kumwombea, nyumbani kwake panafaa, kwa sauti ya chini, na mama yake akiwa amemshika mkono.

MAAZIMIO

17. Kuanzia siku ya tamko hili hakuna mwanachama wetu atakayempiga, kumfungia ndani, kumnyima chakula au kumpeleka kwa mganga mtoto wake kwa sababu ya neno lolote alilolisema kuhusu jinsia yake. Atakayefanya hivyo tutamwendea nyumbani, wawili au watatu, kwa heshima. Asiposikia, tutatimiza wajibu ambao kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kimemwekea kila mwanajamii, yaani kuijulisha mamlaka ya serikali za mitaa. Hatutamlinda mwenzetu dhidi ya mtoto wake.

18. Kwa walimu: tunafahamu kwamba darasa ni la watoto wengi na mwalimu ni mmoja. Tunaomba mwalimu mkuu akubali sare ya kitambaa laini, na suruali kwa atakayeihitaji wakati wa baridi, bila kumtaka mtoto ajieleze mstarini. Tunaomba atengewe muda wa kwenda chooni wakati wengine wako darasani, jambo ambalo lingeusaidia usonji wake hata kama lisingekuwapo jambo lingine. Mwalimu wa malezi na unasihi akiambiwa neno na mtoto, amwite mzazi peke yake. Ofisi ya walimu si mahali pa kulisimulia.

19. Kwa Halmashauri za Miji ya Njombe na Makambako: tunaomba maofisa ustawi wa jamii wapewe mafunzo ya usonji, na mashauri ya watoto hawa yashughulikiwe na afisa mmoja anayejulikana, si kupitishwa meza hadi meza. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto katika mitaa na vijiji ziko kwa kazi hii. Tunaomba Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi lipokee malalamiko ya mtoto aliyepigwa kabla ya kuuliza amevaaje. Kwa hospitali zetu ombi ni moja: mtoto akiletwa na jeraha atibiwe jeraha, na maswali mengine yaulizwe faraghani na mtu aliyefunzwa.

20. Kwa vyombo vya habari vya mkoa, na kwa wenye kurasa za mitandaoni: hatutampeleka mtoto yeyote studio, na hatutatoa picha. Atakayechapisha sura, jina au mtaa wa mtoto wetu tutamfikisha kwenye mamlaka za kisheria, hata kama alikusudia kumtetea.

21. Tutakutana kila mwezi, kwa zamu Njombe na Makambako, na nauli ya mzazi asiye nayo itatoka kwenye mfuko wetu. Asiye mwanachama anakaribishwa. Hatamtaja mtoto wake kwa jina, na hataulizwa.

22. Mzazi aliyesoma tamko hili usiku, mtoto amelala chumba cha pili, na hajui kesho amwambie nini, tunamwomba asimwambie neno kubwa. Amwandalie chai kwenye kikombe kilekile alichokizoea, amwite kwa jina analoitika, amsikilize. Akiona hasira inampanda, yake au ya mtu mwingine ndani ya nyumba, apige 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure, na haihitaji salio.

Limetolewa Makambako, kwa niaba ya wazazi na walezi wote waliokutana.